Msiba Usio na Tarehe

Bao la marehemu mjomba wangu liko sebuleni kwangu, juu ya kabati la vyombo, limefunikwa kanga kuukuu lisiingie vumbi. Ni bao la mninga, mashimo 32 katika safu nne, na yale mawili ya mraba, ya nyumba, kingo zake zimelainika kwa vidole vya watu ambao wengi wao sasa tunawaombea dua. Alitoka nalo Unguja akiwa kijana, akaishi nalo London zaidi ya miaka 40, na mimi ndiye niliyelirudisha nyumbani ndani ya sanduku, limeviringishwa kwenye koti lake la baridi. Kete zake za komwe zimo katika kifuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani.

Mjomba alikuwa hagusi mchezo mpaka azihesabu kete. Alizimwaga mkekani, akazivuta mbili mbili kwa kidole cha shahada, midomo ikicheza, hadi zitimie 64. Hata kama tumemaliza mchezo sasa hivi, angezihesabu upya. Sisi vijana tulimtania: “Mjomba, nani London ataiba komwe?” Naye hakukasirika. “Simtuhumu mtu,” alisema. “Lakini kete moja ikipotea, mchezo unaendelea tu. Hakuna shimo litakalopiga ukelele.” Tulidhani ni mambo ya utu uzima. Baadaye sana ndipo nilipotambua kwamba tabia ile aliianza mwaka 1998, mwaka aliopimwa upeo wa macho yake.

Kifafa kilimwanza mwaka 1969, baada ya kuanguka baiskeli na kupasuka kichwa. Neno lenyewe ukilitamka polepole unasikia kufa mle ndani, na kwetu watu wengi walilisikia hivyo: mtu akianguka sokoni, wanamhama. Ugenini hakuna aliyemhama, ila alijihama mwenyewe. Hakupanda ngazi akiwa na mzigo. Hakubeba chungu cha moto. Watoto wake walipozaliwa aliwapakata akiwa ameketi chini, mgongo ukutani, ili kikimjia wasianguke kutoka juu.

Alimeza fenobabitoni, ikamlaza usingizi juu ya cherehani. Akapewa fenitoini, ufizi ukamvimba. Akahamishiwa kabamazepini, na kila daktari alipoipandisha dozi, Mjomba alianza kuona vitu viwili viwili. Ananyoosha uzi, mbele yake sindano mbili, hajui atunge ipi. Dozi iliposhushwa, sindano ya pili ikaondoka zake. Kwa fundi cherehani hiyo ni hasara, lakini ni hasara yenye adabu, maana inabisha mlangoni na kusema, nimekuja. Unamwambia daktari, naye anajua la kufanya.

Mwaka 1991 alianzishiwa vigabatrini. Dawa hiyo ilikuwa imeruhusiwa Uingereza mwaka 1989, na haikupatikana kwa bahati. Ilibuniwa kwa makusudi. Ndani ya ubongo mna kemikali iitwayo gaba, ambayo kazi yake ni kutuliza. Neva zikianza kupigiana kelele, gaba huzinyamazisha, kisha kimeng'enya maalumu huivunja ikishamaliza kazi yake. Vigabatrini hukikamata kimeng'enya hicho na haikiachii. Gaba inarundikana, kelele zinapungua. Kwa Mjomba zilikoma kabisa. Baada ya miaka 22 ya kuanguka, alikaa mwezi, akakaa mitatu, akakaa mwaka. Mkewe alikuwa akiamka usiku kumtazama kama anapumua, kwa kuwa hakuzoea kumwona amelala kimya vile.

Sheria ya huko inamruhusu mtu mwenye kifafa kuendesha gari akishakaa muda uliowekwa bila kuanguka. Mjomba alijifunza udereva akiwa na nywele nyeupe, akanunua gari dogo la mizigo lililotumika, akawa anawapelekea wateja suti zao mwenyewe. Picha ya siku aliyolinunua ninayo. Amesimama kando ya gari, futi ya kupimia bado iko shingoni, mkono mmoja umeshika usukani kupitia dirishani, kana kwamba akiuachia litaondoka.

Kisha yakaja malalamiko, na hakuna hata moja lililohusu macho. Watu walisema anaringa. Msikitini, imamu akishatoa salamu, wenzake wa ubavuni walimnyooshea mkono, naye akainuka bila kuupokea. Sokoni alipitwa na jamaa wa mtaani kwao Unguja waliomsalimu kwa ishara, hakuitika. “Tangu apate gari hatujui tena,” wakasema. Kwetu salamu isiyojibiwa ni deni, na madeni yale yalilimbikizwa kwa mtu asiyejua kwamba anadaiwa. Nyumbani alikuwa akigonga miimo ya milango kwa bega. Mkaza mjomba wangu aliweka kikombe cha chai kando yake, na kikombe kikaanguka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye bao alianza kufungwa na watu aliokuwa akiwafunga tangu ujana. Anayelijua bao anajua kwamba pembeni ndiko kwenye mambo: kete ulizokula huanza kumwagwa kichwani, lile shimo la mwisho la kushoto au la kulia, na mchezaji asiyekitunza kichwa na kimbi, shimo linalopakana nacho, amekwisha. Mjomba alikuwa anavisahau vichwa. Tukasema uzee huo.

Alikwenda kupimwa miwani. Akasoma herufi zote ukutani hadi zile ndogo za mwisho, akaambiwa macho yake mazima. Na ni kweli, katikati yalikuwa mazima. Ubao wa herufi hupima katikati tu. Aliendelea kutunga uzi kwenye sindano nyembamba kwa mara moja, na palepale akisimama anajigonga mlangoni.

Mwezi Januari 1997, madaktari watatu wa Uingereza walichapisha katika jarida la BMJ habari za wagonjwa watatu waliotumia vigabatrini, ambao upeo wao wa kuona ulikuwa umefinyika kutoka kingoni na haukurudi. Wakati huo dawa ilikuwa imeruhusiwa Uingereza kwa zaidi ya miaka saba. Ripoti hiyo ilipotoka, wengine wakaanza kuwapima wagonjwa wao, na kilichokuwa kisa cha watu watatu kikawa cha wengi. Leo maelezo rasmi ya dawa hiyo Marekani yanasema hasara ya aina hii inaweza kuwapata asilimia 30 au zaidi ya wanaoitumia. Barua ya kumwita Mjomba ilikuja mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa nasoma huko, nikamsindikiza.

Kipimo chenyewe ni kitu cha upole. Chumba kina giza. Mbele ya mgonjwa kuna bakuli kubwa jeupe, limelazwa ubavu, mdomo wake ukimtazama. Chombo hicho kimeitwa kwa jina la Hans Goldmann, daktari wa macho wa Bern, Uswisi, aliyekitengeneza mwaka 1945. Unaegemeza kidevu, unafunikwa jicho moja, unatazama nukta ya katikati bila kupepesa pembeni, na mkononi umeshika kitufe. Mpimaji yuko nyuma ya bakuli, anasogeza kinukta cha mwanga kutoka ukingoni kuja katikati. Ukikiona, unabonyeza, kengele inalia, na yeye anatia alama ya penseli kwenye karatasi.

Nilikaa kwenye kiti nyuma ya Mjomba. Nikakiona kinukta kikiingia upande wa kulia wa bakuli, kidogo kama punje ya mtama. Nikakitazama kidole chake. Hakikusogea. Kinukta kikaja, kikaja, kikafika mahali ambapo nilitaka kumgusa bega na kumwambia, Mjomba, hicho hapo. Ndipo kengele ikalia. Mpimaji akatia alama bila kusema neno, akaanza upande mwingine. Kwa dakika nyingi hali ilikuwa ni ile ile. Nilikuwa nauona mwanga ambao mtu wa mbele yangu, mwenye macho makali kuliko yangu, hauoni. Alipoinua kidevu alikuwa anatabasamu. Alidhani amefaulu, kwa sababu kila mwanga aliouona aliubonyezea.

Karatasi ilipogeuzwa mbele yetu, mstari wa penseli ulikuwa umechora duara dogo katikati ya duara kubwa. Jicho zima huona takriban nyuzi 60 upande wa pua, na zaidi ya 90 upande wa sikio. La Mjomba lilikomea kwenye nyuzi ishirini na kitu, na jicho la pili lilikuwa hivyo hivyo. Madaktari wa macho wana desturi ya kuufananisha upeo wa kuona na kisiwa: mlima uko katikati, kuzunguka ni bahari. Mjomba aliposikia neno kisiwa aliinama karibu na karatasi, akafuata mstari kwa kidole kama afuataye pwani ya kwao. Kisha akauliza swali moja tu: “Lini?”

Daktari hakuwa na jibu. Hapakuwa na karatasi ya 1991 ya kulinganisha na hii. Huenda sehemu iliyopotea iliisha miaka sita iliyopita, huenda mwaka jana, huenda kidogo kidogo kila wiki. Hakuna aliyempima mwanzo, na kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa ipo haja, hapakuwa na wa kulaumiwa kwa hilo.

Swali lile limenikaa kuliko jibu lolote. Sisi tunaijua misiba kwa tarehe. Mtu akifa, saa inajulikana. Matanga yanawekwa, siku yake ya kuanuliwa inajulikana, arubaini inahesabiwa, na mjane anakaa eda ya miezi minne na siku kumi. Hesabu hizo haziondoi uchungu, ila zinaupa mahali pa kukaa, na watu wanajua siku ya kuja na siku ya kurudi makwao. Mjomba alifiwa na nusu ya dunia yake, na hakukuwa na siku hata moja ambayo angeweza kusema, ilikuwa leo. Alikaa kwenye basi akijaribu kukumbuka. Mara ya mwisho kumwona mkewe akiingia chumbani bila yeye kugeuka ilikuwa lini? Mara ya mwisho ndege kupita kando ya dirisha? Hakuna anayeyaandika hayo, kwa maana hakuna anayejua kuwa ni mara ya mwisho.

Jambo lililomtatiza zaidi ni kwamba hakuona giza. Alitarajia kwamba palipopotea pangekuwa peusi, kama pazia. Haikuwa hivyo. Wewe unayesoma, hebu jiulize kisogoni kwako unaona nini. Huoni weusi. Huoni kitu, wala huoni kwamba huoni. Ndivyo ukingo wa jicho unavyokufa. Ubongo hauachi pengo. Unaishona dunia upya kwa kitambaa kilichobaki, na mshono hauonekani. Mjomba, aliyeshona maisha yake yote, aliuelewa mfano huo kabla sijaumaliza. Akasema fundi huyo ni hodari, lakini hakumwambia mwenye nguo.

Kwa nini dawa ya ubongo iende jichoni? Kwa sababu retina ni ubongo. Mtoto akiwa bado tumboni, retina huchipuka kutoka ubongoni, ikasogea mbele mpaka ikapata dirisha. Gaba ya kutuliza neva iko huko pia. Vigabatrini haina namna ya kujua kwamba imevuka mpaka. Katika majaribio ya panya ilionekana kujikusanya kwenye retina zaidi hata ya ubongoni. Mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba panya waliopewa dawa hiyo walipungukiwa na taurini, kirutubisho ambacho seli za retina hukihitaji ili ziustahimili mwanga, na kwamba wale waliowekwa gizani retina zao zilisalimika. Panya si mtu, na jambo hilo halijamaliza mjadala. Ila nilipolisoma nilimkumbuka Mjomba kwenye kiti chake cha dirishani, alipopenda kushonea kwa sababu ya mwanga mzuri.

Dawa ilipunguzwa taratibu, akapewa nyingine. Pembe za macho hazikurudi. Kifafa kilirudi, si kama zamani, bali mara mbili tatu kwa mwaka, cha kutosha kumkumbusha. Leseni aliirudisha mwenyewe ndani ya bahasha. Sheria inamtaka dereva awe na upeo usiopungua nyuzi 120 kutoka kushoto hadi kulia, naye hakuwa na nusu yake. Dawa iliyompa gari ndiyo iliyomnyang'anya. Gari lilikaa nje ya nyumba mwaka mzima kabla hajaliuza, na kila Ijumaa alilifuta vumbi.

Nilitaka aikasirikie dawa ile, kwa niaba yangu kama si yake. Hakukubali. “Mwanangu,” aliniambia, “miaka ile saba nilipanda ngazi na mtoto begani. Nani mwingine alinipa hilo?” Niliona kama anajifariji. Sasa nina watoto, na sina uhakika tena. Uamuzi kama ule huwafika hata wazazi wa watoto wachanga. Mwaka 1841 daktari wa Kiingereza, William James West, aliliandikia jarida la The Lancet kuhusu mwanawe mwenyewe mchanga, aliyekuwa akiinamisha kichwa ghafla mara nyingi kwa siku. Hali hiyo iliitwa degedege la salaam, kwa kuwa mtoto anainama kama anayetoa heshima. Hakuna salamu inayotisha kama hiyo. Isipotulizwa mapema huweza kukwamisha akili ya mtoto kukua. Mpaka leo vigabatrini ni miongoni mwa dawa za mwanzo zinazoweza kuizima, hasa kwa watoto wenye ugonjwa wa vivimbe uitwao tyuberasi sklerosisi. Mama anaambiwa: tuuokoe ubongo, huenda tukapoteza pembe za macho. Na mtoto mwenyewe hajui kubonyeza kitufe. Retina yake hupimwa kwa kusoma umeme wake. Marekani iliichelewesha dawa hiyo hadi mwaka 2009, ikairuhusu kwa onyo zito na kwa sharti la kupima macho mwanzoni na kila baada ya miezi mitatu. Simhukumu mama anayesema ndiyo. Mjomba angesema ndiyo.

Nyumbani kwake ikawekwa desturi mpya. Yeyote anayemjia kutoka ubavuni, hata mtoto wa miaka mitatu, hata anayeleta chai, anapiga hodi. “Hodi kulia.” “Hodi kushoto.” Naye huitika karibu, na kugeuza shingo. Msikitini alijifunza kugeuka mzima baada ya salamu na kutoa mkono yeye kwanza, pande zote mbili, na wale waliosema anaringa wakaanza kumsifu kwa unyenyekevu. Kwenye bao alikuwa anapitisha kichwa juu ya safu kama anayesoma, kutoka kimbi hadi kimbi, kabla ya kila mtaji. Mchezo ulikuwa mrefu, na aliendelea kufungwa. Lakini kabla ya yote, alihesabu kete.

Nchini kwetu wengi wenye kifafa wanatumia fenobabitoni, kabamazepini, fenitoini au valproeti. Hizo zina mambo yake, kama zile sindano mbili za Mjomba, lakini haziui kingo za retina kwa namna hii, na mtu asizitupe kwa sababu ya kisa changu. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, nacho huua. Anayetumia topirameti, dawa nyingine ya kifafa, akipata maumivu ya jicho au ukungu wa ghafla, hasa mwezi wa kwanza, aende hospitali siku hiyo hiyo, maana presha ya jicho haingojei.

Na kama wewe au mwanao mtaandikiwa vigabatrini, hapa au ughaibuni, usiikatae kwa woga wala usiimeze kwa haraka. Omba upeo wa macho upimwe mwanzoni, kabla ya kidonge cha kwanza ikiwezekana, na upimwe tena kila daktari atakaposema. Waulize watu wa nyumbani wanaona nini ambacho wewe huoni. Karatasi ya kipimo iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, na hakikisha imeandikwa tarehe.